Hivi ni mimi tu ninayewaza chakula kutwa nzima hata nikiwa nimeshiba?

Kijiko_Kimoja

Habari za saa hizi wapendwa. Naombeni mnisikilize bila kunicheka maana hili jambo sijawahi kumwambia mtu, hata mume wangu nimemwambia nusu tu.

Mi nawaza chakula. Siyo njaa ile ya kawaida ya mchana tumbo linanguruma, hapana, ni mawazo. Nafungua macho asubuhi kabla sijajua leo ni siku gani tayari kichwani kuna hesabu, leo ntakula nini, jana nilizidisha wapi, nikila yai asubuhi mchana niache nini. Nikiwa kwenye chai nishaanza kufikiria cha mchana, nikimaliza cha mchana hata sahani sijaosha nawaza cha jioni. Usiku nikishika simu ni video za watu wanapika tu, vitu ambavyo wala sitavipika, naangalia hadi macho yanauma.

Juzi tulikuwa na kikao kazini, katikati ya meza wakaweka sahani ya biskuti. Zilikuwa kumi na moja. Najua kwa sababu nilizihesabu, halafu nikawa nafuatilia nani kachukua, mhasibu kachukua mbili, bosi kachukua moja akaing'ata kidogo akaiweka juu ya daftari lake AKAISAHAU hadi kikao kinaisha. Ile biskuti yenye alama ya meno niliitazama saa nzima jamani. Ukiniuliza kikao kilihusu nini sijui, na mi ndo nilikuwa naandika muhtasari.

Sasa mjue niko kwenye dayati mwezi wa nne huu. Nina apu ya simu inahesabu kalori, nimeweka 1,200 kwa siku, hakuna mkate, hakuna sukari, mwisho wa kula saa kumi na mbili jioni. Mchana naweza, tena najisikia fahari kabisa. Halafu inafika saa tano usiku, nyumba nzima imelala, niko jikoni gizani, mlango wa friji nimeuegemeza na goti maana ukiuachia wazi unaanza kulia, nakula nimesimama. Mkate nimekunja bila kitu, wali wa baridi kwa mkono, siagi kwa kijiko. Ladha hata siisikii. Nikimaliza nafuta makombo kwa kiganja, narudi kitandani taratibu kama mwizi, asubuhi naanza upya na naapa ndo mwisho. Hiyo ni mara tatu au nne kwa wiki.

Mume wangu anaweza kusahau kula. Kusahau! Anafika jioni anasema ah leo nilikuwa bize sikula mchana. Mi namwangalia kama mtu katoka sayari nyingine.

Naomba kujua, hii ni ulafi, ni ugonjwa, au ni kukosa tu nidhamu? Na mnafanyaje ili msiwaze?

Chuma_Chakavu

Dada pole ila nikuambie ukweli, hiyo ni nidhamu. Akili ukiizoesha kubembelezwa itakuomba kila saa. Kunywa maji mengi, jishughulishe, toa hiyo mikate ndani ya nyumba kabisa. Mimi nina mwaka wa tatu nakula kwa mpango, kila mlo napima nyama kwenye mizani, gramu 180 sizidishi, chakula siwazi kabisa, na sijafa. Tunajiendekeza sana halafu tunatafuta majina ya magonjwa.

Msoma_Usiku

Mkuu hapo juu punguza ukali kidogo, mwenzio kaja na jambo zito.

Dada Kijiko, mi si daktari, napenda tu kusoma, ila uliposema video za mapishi nikacheka, siyo kwa kukudharau, nimecheka kwa sababu umenikumbusha kitu. Mwaka 1944 huko Marekani, Chuo Kikuu cha Minnesota, kulikuwa na mtafiti anaitwa Ancel Keys. Vita inaendelea, Ulaya watu wana njaa, na wakubwa wanataka kujua mtu aliyekaa na njaa muda mrefu unamrudishaje salama. Akachukua vijana wa kiume 36 waliokuwa wamekataa kwenda vitani kwa sababu ya dhamiri zao, wazima wa afya, na akili zao zilipimwa kwanza. Akawalisha kawaida kwa miezi mitatu, kisha kwa wiki 24 akawapunguzia chakula kikawa kama kalori 1,600 hivi kwa siku, huku wanatakiwa watembee kama kilomita 35 kwa wiki.

Sasa sikia kilichotokea. Wale vijana wakaanza kuwaza chakula tu. Watu ambao hawakuwa na habari na jiko wakaanza kukusanya vitabu vya mapishi, wanavisoma kitandani kama hadithi za mapenzi. Wanaota chakula. Mlo wa dakika kumi mtu anaukalia saa mbili, anakata vipande vidogo vidogo, anachanganya, anaramba sahani. Wengine wakaanza kutafuna bigijii pakiti kwa pakiti hadi ikabidi wawekewe kiwango. Michezo, siasa, wasichana, vyote vikapotea kichwani. Na walipoanza kurudishiwa chakula wapo waliokula hadi tumbo linauma na bado wanasema hawajashiba, na hali hiyo haikuisha siku moja wala mbili.

Hawa walikuwa wamechaguliwa kwa uimara wao, kaka Chuma, watu waliokubali kutukanwa na nchi nzima kuliko kushika bunduki. Nidhamu walikuwa nayo ya kutosha kugawia mtaa mzima.

Na dada angalia namba. Wao walikuwa wanaume na miili ya kiume, sawa, huwezi kulinganisha moja kwa moja, ila wao walikula 1,600 na ikaitwa majaribio ya njaa. We umejiwekea 1,200 halafu unauliza kwa nini unahesabu biskuti za watu.

mama_wa_sita

Kijiko mwanangu nimesoma ya kwako mara mbili. Hapo pa kufuta makombo kwa kiganja pamenishika.

Mimi yangu ni tofauti kidogo. Sijawahi kufanya dayati maisha yangu yote. Ila nimekua kwenye nyumba ambayo chakula kilikuwa hakina uhakika, kuna siku kipo, kuna siku mama anachemsha maji sufuria ipige kelele ili sisi wadogo tulale tukiamini kinaiva. Sasa nina miaka hamsini na kitu, kabati limejaa, watoto wote wamemaliza shule, na bado kila usiku kabla ya kulala lazima nifungue kabati niangalie. Najua kilichomo, nimekinunua mwenyewe. Nafungua tu, nagusa mfuko wa unga, nafunga, ndo usingizi unakuja. Na mezani mkono wangu unawahi kuliko akili, nakula haraka haraka kama kuna mtu ataninyang'anya, nikishtuka wajukuu wananitazama wao bado hata hawajamaliza kunawa.

Mwanangu wa nne aliniona siku moja naficha mkate kwenye begi la kanisani. Hakuniuliza kitu. Ila siku zile nilitamani aniulize.

Kwa hiyo usijiite mlafi. Mlafi anafurahia chakula. Sisi tunakilinda.

Mpima_Uzito

Salaam. Nafanya kazi kitengo cha lishe miaka kadhaa sasa, jina langu la hapa lisiwatishe, siku hizi nusu ya kazi yangu ni kuwaondoa watu kwenye mizani.

Nianze na swali la dada, unafanyaje usiwaze. Jibu fupi ni kwamba kadiri unavyojikataza ndo unavyowaza. Kuna mwanasaikolojia alikuwa anaitwa Daniel Wegner, mwaka 1987 yeye na wenzake waliwaambia watu msimuwaze dubu mweupe, na kila akikujia kichwani gonga kengele. Kengele ziligongwa mpaka basi, na walioanza kwa kujizuia, waliporuhusiwa kumuwaza walimuwaza kuliko wale ambao hawakukatazwa toka mwanzo. Sasa we una dubu watatu, mkate, sukari na saa kumi na mbili jioni, na unawalinda kutwa.

Halafu kuna hili la "nishaharibu". Kuna jaribio la mwaka 1975, watafiti Herman na Mack, waliwapa watu maziwa mazito yaliyosagwa na aiskrimu, kisha wakawaambia onjeni aiskrimu mnavyotaka mtupe maoni. Ambao hawakuwa na mambo ya dayati, waliokunywa maziwa kwanza walikula aiskrimu kidogo, ndiyo, wameshiba. Waliokuwa wanajibana kwenye kula, ikawa kinyume, waliokunywa maziwa wakala aiskrimu ZAIDI kuliko wasiokunywa. Sheria imeshavunjika, siku imeshaharibika, basi tumalize kesho tutatubu. Nadhani dada unaijua hiyo sauti, ile ya baada ya kipande cha kwanza cha mkate.

Mwili nao una kazi yake hapo. Kuna homoni inaitwa leptini, iligunduliwa 1994, inatoka kwenye mafuta ya mwili inaupa ubongo taarifa kwamba akiba ipo. Ukipungua uzito leptini inashuka. Na kuna grelini, hii waligundua Wajapani 1999, inatoka zaidi tumboni, inapanda kabla ya kula inaamsha njaa. Mwaka 2011 ilitoka tafiti kutoka Australia, watu 50 wanene walipunguzwa kwa dayati kali wiki kumi, wakapimwa tena baada ya mwaka, na bado leptini ilikuwa chini na grelini juu kuliko kabla hawajaanza, na njaa wenyewe wakasema ipo. Mwaka mzima! Kwa hiyo mtu akikuambia zoea tu, muulize mwili wako utazoea lini.

Sasa hiyo ya usiku. Dada nakuomba usiogope neno. Kula kingi kwa muda mfupi, ukihisi huwezi kusimama, kwa siri, haraka, bila hata njaa wakati mwingine, halafu aibu na kujichukia, ikitokea walau mara moja kwa wiki kwa miezi mitatu, hiyo ina jina kwa madaktari, ni tatizo la kula kwa kufakamia, toka 2013 liko kwenye mwongozo wa Wamarekani wa magonjwa ya akili kama ugonjwa unaojitegemea. Sisemi unao, siwezi kusema hivyo kwa maandishi ya mtu nisiyemuona. Nasema unastahili kuonwa na mtu anayelijua. Na kama kuna kujitapisha, au dawa za kuharisha, au kuzimia, moyo kwenda mbio, hedhi kukatika, hiyo ni ya kwenda wiki hii hii, maana kutapika na kuharisha vinashusha madini ya potasiamu mwilini na potasiamu ikishuka moyo unaweza kuvuruga mapigo. Hapo hatuongelei uzito, mtu mwembamba na mnene wote wanaweza kufa nayo.

Kitu kimoja unaweza kuanza hata leo, na kitakushangaza kwa sababu ni kinyume na apu yako. Kula kwa ratiba. Milo mitatu na vitafunwa viwili vitatu katikati, usipitishe kama masaa manne bila kula ukiwa macho, uwe na njaa usiwe nayo. Ni moja ya hatua za mwanzo kwenye tiba ya mazungumzo iliyotengenezwa na Christopher Fairburn wa Oxford kwa matatizo haya. Watu wakifika kwangu wanataka waanze na usiku, niwafundishe kufunga friji kwa kufuli. Mi naanza na mchana. Usiku unapikwa mchana.

Msoma_Usiku

"Usiku unapikwa mchana" naichukua hiyo.

Niongezee na usingizi. Dada unaangalia video hadi macho yanauma kisha saa tano uko jikoni. 2004 kule Chicago walichukua vijana 12 wazima, wakawalaza masaa manne tu kwa usiku mara mbili mfululizo, wakalinganisha na usiku wa kulala masaa kumi. Leptini ilishuka asilimia 18, grelini ikapanda 28, na hamu yao ilienda zaidi kwenye vitu vya sukari na chumvi na wanga. Siku mbili tu.

Chuma_Chakavu

Sawa mmeleta vitabu. Ila bado nauliza, ina maana kila mtu ale anavyotaka kwa sababu ya homoni? Mimi nimepungua kilo 19 kwa kujibana. Kama ningesikiliza leptini ningekuwa bado napumua kwa shida kwenye ngazi.

mama_wa_sita

Kaka hongera kwa kilo 19, kweli kabisa. Ila nikuulize kama dada yako mkubwa. Unapima nyama kila mlo miaka mitatu. Ukialikwa kwa watu inakuwaje?

Chuma_Chakavu

Nabeba chakula changu.

mama_wa_sita

Na usipobeba?

Chuma_Chakavu

Siendi.

SindanoYaIjumaa

Nimekuwa nasoma kimya kimya ila hapo nimeona niingie.

Mi ni mwanaume wa makamo, nina kisukari, ile ya ukubwani. Maisha yangu yote kichwani kulikuwa na redio. Sijui niiteje, redio ya jirani imewashwa mchana kutwa, huwezi kuizima na hujui iko chumba gani, na redio yenyewe inatangaza chakula tu. Nilidhani watu wote wanayo ila wenzangu wana nguvu ya kutoisikiliza. Wazungu sasa wana jina, wanaita kelele za chakula, na mi nilipolisikia hilo jina nilikaa chini.

Daktari alinianzishia semaglutidi, sindano ya mara moja kwa wiki, naichoma Ijumaa. Ni dawa ya kisukari, Marekani waliipitisha kwa kisukari 2017 na kwa uzito 2021. Inaigiza homoni ya GLP-1 ambayo utumbo unaitoa tukila, ya asili inadumu dakika chache tu, hii ya sindano inakaa wiki. Inachelewesha chakula kutoka tumboni na inafanya kazi kwenye ubongo pia. Hayo nimeelezwa. Yangu mimi ni haya: wiki ya tatu nilikuwa nimekaa naandika ripoti, nikanyanyua macho saa nane mchana, nikagundua redio imezimwa. Sijui ilizimwa lini. Nililia ofisini, mtu mzima na tai shingoni. Siyo furaha peke yake, ilikuwa hasira pia, kwamba kumbe wenzangu wanaishi kwenye ukimya huu toka wazaliwe na walikuwa wananiambia nina tamaa.

Ila nisiwadanganye. Mwezi wa kwanza kichefuchefu kilinitesa, na kuna siku nilikuwa nalazimika kujikumbusha kula. Kingine ambacho sikutarajia, nilipakosa pale mezani. Mke wangu anapika vizuri sana, alikuwa ananiona nimekula vijiko vitano nimesukuma sahani, ilimuumiza, na mimi nikawa sijui Jumapili inafurahiwaje. Halafu ilitokea dawa ikakosekana wiki kama saba, na redio ikarudi, tena na sauti ya kulipiza. Wanasema hata kwenye majaribio makubwa, walioacha sindano, baada ya mwaka walikuwa wamerudisha kama theluthi mbili ya uzito walioupunguza. Kwa hiyo siyo kwamba inakutibu ukaondoka zako.

Dada Kijiko sikushauri sindano, hiyo ni ya daktari wako na wewe hujasema una kisukari wala unene. Na ukiwa kwenye mzunguko wa kujinyima na kufakamia, kuongezewa kitu cha kukunyima zaidi mi naogopa. Nimekuja tu kusema kwamba redio ipo na siyo wewe uliyeiwasha.

Mpima_Uzito

Umenena vizuri kaka. Na hapo umenikumbusha, wanaosoma angalieni pia dawa mnazotumia kwa mambo mengine. Prednisolone, ile dawa ya kutuliza uvimbe na mzio, inaamsha njaa ya ajabu, baadhi ya dawa za magonjwa ya akili kama olanzapine pia. Tezi ya shingo ikizidisha kazi nayo mtu anakula na anakonda. Kama mawazo ya chakula yameanza ghafla mwezi ulioanza dawa, usijichunguze tabia, rudi kwa aliyekuandikia, na usiache dawa mwenyewe.

Kijiko_Kimoja

Nimesoma zote, nimesoma nikiwa chooni maana ndo chumba pekee chenye kufuli. Mama wa sita nimekulilia.

Hapana sijitapishi. Nilijaribu mara moja miaka ya nyuma ikashindikana, namshukuru Mungu.

Naomba niulize kitu cha kijinga. Mpima Uzito, hiyo ya kula mara tano sita, si nitanenepa? Naelewa mnachosema kichwani kabisa, lakini nikifikiria kula kitafunwa saa nne asubuhi na njaa sina, mikono inatoka jasho. Kweli inatoka jasho, nimejipima sasa hivi wakati naandika.

Mpima_Uzito

Si swali la kijinga, ndo swali lenyewe, wote wanauliza.

Hebu kaa na hesabu yako bila apu. Mchana 1,200. Usiku mara nne kwa wiki mkate, wali, siagi ya kijiko. Hicho cha usiku apu inakijua?

Kijiko_Kimoja

Hapana. Usiku sijazi.

Mpima_Uzito

Basi apu inamhesabu mtu ambaye hayupo. Huyo wa 1,200 hayupo dada. Yupo mmoja tu, anashinda na njaa mchana na anakula gizani usiku, na huyo ndo tunataka ale vizuri. Siwezi kukuahidi uzito utafanya nini, wengine unabaki palepale, wengine unapanda kidogo, wengine unashuka, mtu akikuahidi mkimbie. Ninachoona mara nyingi ni kwamba kufakamia kunapungua kwanza, na mawazo yanafuata nyuma, tena polepole, usitegemee wiki mbili.

Na kila kitafunwa kile ukiwa umekaa. Kwenye sahani. Taa imewashwa.

Msoma_Usiku

Ka kimoja ka haraka kwa zile dakika hamu inapopanda. Hamu ya chakula inaishi sana kwenye picha, unakiona, unakinusa kichwani. Kuna wanasaikolojia Uingereza waliwapa watu wacheze Tetris, ule mchezo wa kupanga matofali yanayoshuka, dakika tatu tu hamu ilipowashika, na hamu ikapungua, kwa sababu ile sehemu ya akili inayochora picha imeshikwa na matofali. Haiondoi njaa, njaa ni njaa, kula. Ila ni bora kuliko zile video za mapishi ambazo ni kuongeza mafuta kwenye moto.

Chuma_Chakavu

Mama wa sita swali lako nimelala nalo.

Mdogo wangu wa kike alifunga ndoa mwaka jana. Sikukaa kwenye sherehe, nilisema naumwa. Hakuna anayejua kwa nini. Ndo hivyo. Bado naamini kwenye nidhamu ila hilo la kuwa siwazi chakula naomba nilifute.

mama_wa_sita

Asante kwa kulisema kaka yangu. Mpigie mdogo wako.

Kijiko_Kimoja

Wapendwa nimerudi baada ya siku kumi na saba.

Apu sijaifuta, nimeihamisha tu ukurasa wa mwisho wa simu, msinicheke. Kitafunwa cha saa nne nakula. Siku ya kwanza ilinichukua dakika arobaini kula ndizi moja, niliikata kwa kisu vipande, Msoma Usiku nikakumbuka wale vijana wako nikajicheka mwenyewe. Siku ya sita nikapitiliza hadi saa tisa kwa sababu ya kazi, na usiku huo nikaenda jikoni, na ilikuwa mbaya kuliko zote. Kwa hiyo hesabu ni hivi, mara nne kwa siku kumi na saba. Zamani ingekuwa nane au tisa. Mawazo bado yapo. Biskuti za kikao kilichopita nilizihesabu tena, tisa, ila nilichukua moja nikala mbele ya watu, na muhtasari nimeandika, kurasa mbili.

Mume wangu nimemwambia. Alinyamaza muda mrefu, halafu akasema alikuwa anasikia friji. Miezi yote hiyo alikuwa anasikia, akidhani nikijua anajua nitaaibika.

Nina miadi na daktari Alhamisi. Naogopa nitafika pale nitaongea habari ya kichwa kuuma nitoke. Mnaanzaje kusema?

SindanoYaIjumaa

Mi nilianza na presha, nikaenda kwenye mgongo, nikamaliza dakika zote. Mara ya pili niliandika kwenye karatasi.

Mpima_Uzito

Karatasi ndiyo. Sentensi tatu tu: nakula kwa siri usiku na siwezi kusimama, imeanza lini, mara ngapi kwa wiki. Andika na dawa zote unazotumia. Ingia, salimia, mpe karatasi kabla hajakuambia upande kwenye mizani. Na ukiona ni lazima akupime uzito na hujisikii kuuona, una haki ya kupanda umeipa mizani mgongo, mwambie tu asisome kwa sauti. Akikujibu "jitahidi kujizuia", usibishane naye, omba rufaa kwa mwanasaikolojia au mtu wa lishe anayeshughulika na matatizo ya kula, na kama hana, tafuta daktari mwingine.

mama_wa_sita

Na kabla ya kwenda ule asubuhi mwanangu. Usiende na njaa.

Kijiko_Kimoja

Nishaandika. Iko kwenye pochi, nimekunja mara nne.